Acha kupiga kiki! Maji hayajaiua injini yako, wewe ndiye utakayeiua

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa Mbulu na Hanang, mvua zimeshika kasi na makorongo yanajaa. Kila msimu kama huu tunarudia jambo lile lile. Pampu ya kumwagilia imeachwa kando ya mto, maji yanapanda usiku, asubuhi inakutwa imezama. Bodaboda inazimikia katikati ya korongo. Mashine ya kusaga inafunikwa na tope kwenye kibanda chake. Na kila mara, kitu cha kwanza mwenye mali anachofanya ni kuvuta kamba, kupiga kiki, au kuzungusha hendeli "tuone kama itawaka."

Leo nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: injini nyingi zinazozama huku kwetu haziui maji. Zinauliwa na kiki ile ya kwanza, na zile zinazobaki zinauliwa na siku tatu za kusubiri fundi juani. Ukizuia mambo hayo mawili, injini nyingi zinapona. Ukiyaruhusu, usimlaumu Mchina aliyeitengeneza.

Nayasema haya katika wilaya ambayo haijasahau asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023. Maji, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakafunika sehemu za mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Mbele ya msiba kama ule injini si kitu, na nitarudia hapa chini kwamba hakuna pikipiki inayostahili kufuatwa kwenye maji yanayokimbia. Lakini waliobaki hai walihitaji kula, kulima na kusomesha watoto, na familia nyingi za huku zinaishi kwa injini moja tu. Injini hiyo ikifa bila sababu, mafuriko yanakuwa yamekuibia mara mbili, na mara ya pili umeyafungulia mlango mwenyewe.

Kwa nini kiki inaua

Chukua bomba la sindano lisilo na dawa, ziba tundu lake kwa kidole, sukuma. Utaona hewa inajibana na kukubali. Sasa livute maji, ziba tena, sukuma. Maji hayakubali hata kidogo. Ndivyo ilivyo ndani ya silinda. Kazi ya pistoni ni kubana hewa. Ikikuta maji, haiwezi kuyabana. Kitu lazima kipinde au kivunjike, na mara nyingi ni konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na kranki. Kwa injini ya dizeli ya mashine ya kusaga hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu yenyewe hubana hewa kwa nguvu kuliko ya petroli, na gurudumu lake zito likishapata mwendo halisimami kirahisi.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni oili. Maji yakichanganyika na oili yanatoa kitu kinachofanana na chai ya maziwa. Kitu hicho hakilainishi vyuma. Ukiwasha injini yenye chai ya maziwa ndani, vyuma vinasagana vikavu. Kumbuka kwamba kwenye bodaboda nyingi oili hiyo hiyo moja inahudumia injini, gia na klachi. Ukiiharibu, umeharibu vyote vitatu.

Ya tatu ni tope. Maji yetu ya mafuriko si maji safi, yanabeba udongo na mchanga wa milimani. Mchanga ukiingia kati ya ringi na silinda, kila kiki ni msasa.

Visingizio ninavyovisikia

"Iache juani, itakauka." Jua linakausha tanki na siti. Ndani ya silinda na chini kwenye oili hakuna jua linalofika. Maji yamefungiwa mle pamoja na hewa, na hivyo viwili ndivyo chakula cha kutu. Kutu haisubiri wiki. Chuma kisicho na oili kinaanza kubadilika rangi ndani ya saa chache. Ringi zikigandana na silinda, hapo ndipo utasikia neno "oveholi," na utauza mbuzi.

"Isukumwe mteremkoni, iachiwe klachi." Huku kwetu milima ni mingi, ndiyo maana tabia hii imeota mizizi. Lakini kuachia klachi pikipiki ikiwa mwendoni ni kiki yenye nguvu ya pikipiki nzima na mpandaji wake. Kama konrodi ingesalimika kwenye kiki ya mguu, hapa haisalimiki. Pikipiki iliyokunywa maji inasukumwa ikiwa haina gia, basi.

"Mbona ya jirani ilizama na iliwaka?" Iliwaka, sawa. Muulize ilidumu miezi mingapi. Injini inaweza kuwaka leo ikiwa na maji kwenye oili, ikafanya kazi msimu mmoja, kisha beringi za kranki zikaanza kulia. Wakati huo hakuna anayekumbuka mafuriko. Watu wanasema spea za siku hizi ni feki. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi ni yale maji ya Aprili yanayodai mwezi wa tisa.

"Fundi yuko mjini." Hiki ndicho kinachouma zaidi, kwa sababu mtu wa Yaeda Chini au wa pembezoni mwa Basotu kweli yuko mbali na fundi. Lakini hatua za kuiokoa injini hazihitaji fundi. Zinahitaji spana ya plagi, spana ya bolti ya kumwagia oili, oili, na saa mbili za kazi yako. Fundi anahitajika baadaye, akute injini inayotibika, si maiti.

"Oili ni ghali." Nenda duka lolote la spea uliza bei ya lita moja ya oili, kisha uliza bei ya kranki, pistoni na ringi zake, halafu ongeza ujira wa fundi na siku ambazo shamba la vitunguu saumu linakaa bila maji. Ukimaliza hesabu hiyo, sina la kuongeza. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata injini zilizozaliwa majini hazivumilii

Kama unadhani ninakuza mambo, tazama pwani. Kwenye fukwe za Unguja, kama Nungwi, wapo watu wanaokodisha pikipiki za majini kwa watalii. Chombo kile kimetengenezwa kwa ajili ya maji na kinashinda juu yake siku nzima. Lakini injini yake ikimeza maji inakufa vile vile kama ya bodaboda ya Dongobesh. Ndiyo maana vyombo hivyo huwekwa kibandiko nyuma kuonyesha upande wa kukigeuzia kikipinduka, maana ukikigeuza upande usiofaa, maji yaliyomo kwenye ekzosi yanaingia kwenye injini. Watengenezaji wanaonya pia kwamba kikizimika na kuingia maji kisivutwe kwa kasi, kwa sababu maji yatasukumwa ndani kupitia njia hiyo hiyo. Na kikishameza maji, agizo ni hili: usiendelee kupiga stati, toa plagi, toa maji, kitie oili, na yote yafanyike siku hiyo hiyo.

Ikiwa chombo cha baharini kinatunzwa hivyo, wewe wa Hanang unatumia ujasiri gani kupiga kiki pampu iliyolala mtoni usiku kucha?

Cha kufanya, hatua kwa hatua

Kwanza kabisa, uhai. Usiingie kwenye korongo linalokimbia kufuata pampu wala pikipiki. Maji yakipungua, ndipo uanze.

1. Usiwashe. Toa ufunguo. Kama kuna betri, chomoa waya wa hasi kwanza. Waambie vijana na watoto wasiiguse kiki wala kamba.

2. Osha nje kwanza. Mwagia maji safi, toa tope lote kuzunguka plagi, kabureta na mfuniko wa oili kabla hujafungua chochote. Ukifungua kukiwa na tope, wewe ndiye unayelimimina ndani.

3. Fungua eya klina uitazame. Ikiwa tope limepita eya klina na kufika kwenye mdomo wa kabureta, usiizungushe injini kabisa. Hiyo inahitaji kufunguliwa kichwa na kusafishwa. Ijaze oili kama nitakavyoeleza chini, kisha ipeleke kwa fundi. Ikiwa yaliyoingia ni maji tu, endelea.

4. Mwaga petroli yote, ya kwenye tanki na ya kwenye bakuli la kabureta. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na ndiyo yatakayotangulia kuingia kwenye injini. Kinga kwenye dumu, mbali na moto, sigara na jiko.

5. Toa plagi, weka waya wake mbali na tundu. Kaa pembeni, usiinamie tundu lile. Zungusha injini polepole: kiki kwa mkono, si kwa mguu, au kamba taratibu. Maji yatatoka kwa kuruka. Endelea mpaka itoke hewa tupu. Kwa dizeli, toa nozeli ndipo uzungushe gurudumu kwa mkono. Ikigoma, usilazimishe.

6. Fungua bolti ya chini, mwaga oili. Tazama kinachotangulia. Yakitoka maji kwanza, kisha oili ya rangi ya chai ya maziwa, umeshapata jibu lako. Usimwage kwenye mfereji wala mtoni. Ng'ombe wanakunywa huko, na mboga zinamwagiliwa huko. Weka kwenye dumu.

7. Tia oili mpya ya bei nafuu, kiasi kile kinachotakiwa. Kupitia tundu la plagi, mimina oili kama vijiko viwili vya chakula. Zungusha kwa mkono mara kadhaa ili ipake silinda. Mwaga oili ya chini tena. Tia nyingine.

8. Kausha plagi, kofia yake na waya zote kwa kitambaa. Eya klina ya sponji ifue na kuikausha. Ya karatasi ikilowa na tope ni ya kutupa. Inamisha sailensa mpaka maji yatoke. Chombo kama pampu ndogo unaweza kukiinua mikononi.

9. Sasa tia petroli safi, rudisha plagi, washa. Iache ikiunguruma taratibu dakika tano hadi kumi. Zima. Mwaga oili. Ikiwa bado ina weupe, rudia. Mara nyingi inahitajika mara mbili au tatu mpaka oili itoke na rangi yake halisi. Hapo ndipo utie ile oili nzuri.

Kwa bodaboda ongeza haya: fungua breki uzisafishe kabla ya kupakia abiria, paka mnyororo oili, na kagua beringi za magurudumu. Kuokoa injini kisha ukaua mtu kwa breki zilizolowa si ushindi.

Kwa mashine ya dizeli ongeza hili: mwaga maji kwenye tanki na kwenye kichujio, kisha toa hewa kwenye mfumo kabla ya kuwasha. Pampu ya dizeli na nozeli zinalainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakipita humo, zinakwanguka na kushika kutu, na hivyo ndivyo vipuri vya gharama kubwa kwenye mashine nzima.

Kama mashine yako inatumia mota ya umeme, haya hayakuhusu. Zima umeme kwenye mita, usiiguse ukiwa umesimama kwenye maji, na mwite fundi umeme aikaushe na kuipima kabla haijawashwa. Hapo hakuna kubahatisha, umeme haumsubiri mtu ajifunze.

Kama huwezi kuifanyia kazi leo

Usiiache wazi. Toa maji, kisha jaza oili kupitia tundu la plagi mpaka silinda ijae, funga plagi, na jaza oili ya chini pia. Hata oili iliyokwisha kutumika inafaa kwa kulalia siku chache, mradi haina mchanga, maana oili chafu ni bora kuliko maji safi. Siku ya kazi utaitoa yote kabla ya kuzungusha. Mafundi wa injini za boti wana njia yao: injini iliyoanguka baharini wanaiweka ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi mpaka vifaa viwe tayari, kwa sababu kutu inahitaji hewa. Inashangaza, lakini ina akili kuliko kuianika juani.

Na ninyi mnaofanya kazi kando ya Balangida au upande wa Eyasi, maji yenu yana chumvi na magadi. Hayo yanakula aluminiamu ya injini kwa kasi kuliko maji ya mto. Kwenu, kuosha kwa maji baridi ni jambo la saa ile ile, si la kesho.

Neno kwa wafanyabiashara

Nyie wenye maduka ya vijijini, najua mnauza sukari, sabuni na vocha. Wekeni na oili ya injini kwenye rafu kabla ya masika, katika vifungashio vidogo, iwe ile ya kweli. Wekeni plagi na eya klina za pampu na pikipiki zilizo nyingi kijijini kwenu. Mkulima anayetembea nusu siku kutafuta lita moja ya oili ndiye anayekata tamaa na kupiga kiki. Mteja ambaye injini yake imepona atarudi kununua, na yule ambaye imekufa hana cha kununulia.

Nanyi mnaonunua pampu na pikipiki zilizozama, mkazipiga rangi na kuzipeleka mnadani mkisema "haijaguswa," hilo siliiti biashara, naliita wizi. Kuuza kitu kilichozama si kosa, kosa ni kuficha. Sema ilizama, sema umeifanyia nini, taja bei inayolingana.

Mnunuzi, jilinde. Vua siti ya pikipiki utazame bolti za chini, zina kutu kuliko umri wake? Tazama ndani ya kioo cha taa, kuna mstari wa tope? Fungua eya klina, pitisha kidole, kuna udongo laini kwenye kona? Vuta kijiti cha oili, ni nyeupe? Hapa uwe mwadilifu pia: kwenye baridi ya Mbulu, utando mdogo wa weupe chini ya mfuniko wa oili unaweza kutokana na umande wa safari fupi za asubuhi. Utando mdogo kwenye mfuniko ni jambo la kuuliza. Oili nyeupe kwenye kijiti ni jambo la kuondoka.

Neno kwa vikundi na serikali za vijiji

Mafunzo mengi ya kijijini yanaishia kwenye mbegu, mbolea na dawa. Mvua zikiharibu, tunahesabu ekari na mifugo. Injini hazihesabiwi, ingawa ndizo zinazomwagilia ekari hizo na kusaga mahindi yake. Sikubaliani na hali hiyo. Kikundi cha umwagiliaji chenye pampu kumi hakina sababu ya kukosa boksi moja lenye spana za plagi, spana za bolti za oili na lita chache za oili za dharura. VICOBA inayomkopesha mtu anunue pikipiki inaweza kumfundisha kwa nusu saa namna ya kuiokoa ikizama, maana ikifa, ni mkopo wa kikundi uliokufa.

Na jambo rahisi kuliko yote: jioni ya mvua, pampu haibaki mtoni. Ibebeni mpandishe juu. Mto ukifunika ekzosi ya pikipiki, usivuke, subiri au zunguka. Ikizimikia majini, ishuke, isukume ikiwa haina gia mpaka nchi kavu, na mguu wako ukae mbali na kiki.

Nakuomba ufanye jambo moja kabla mvua haijanyesha tena. Nenda kwenye injini yako, chukua spana, hakikisha unaweza kufungua plagi na bolti ya oili kwa mikono yako. Kama zimegoma, zilegeze leo ukiwa na muda na mwanga. Usiku wa mafuriko si wakati wa kutafuta spana kwa jirani.